Nani Ana Funguo za Ukumbi wa Mtaa?

Kila mwaka kuna kundi la vijana mtaani linapata chumba kitupu, linachanga pesa ya rangi, linapiga picha za kabla na baada, na sisi wote tunaweka alama ya moyo. Mwaka unaofuata uliza hicho chumba kilienda wapi. Mimi nimechoka kuweka moyo. Leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho hakionekani kwenye hizo picha: nani anakaa na funguo, na ako nazo kwa karatasi gani?

Swali lenyewe si geni. Nairobi imelizunguka kwa miaka mia moja sasa, na ukilifuata vizuri unaelewa kwa nini kumbi za Eastlands ziko venye ziko.

Tuanzie Pumwani. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mahali pekee ambapo Mwafrika aliruhusiwa kujenga na kukaa mjini. Mkoloni hakutaka watu wetu wakae Nairobi. Alitaka wafanye kazi Nairobi, halafu warudi reserve. Lakini watu wakishakaa mahali wanahitaji pa kukutana, kwa hivyo miaka hiyohiyo Pumwani ikapata ukumbi wa kuwakumbuka Waafrika waliokufa kwenye Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao wapagazi wa lile jeshi la mizigo lililotuachia jina la Kariokor. Mtu alibeba risasi za mzungu hadi Tanganyika akafia huko, na watoto wake wakapewa ukumbi.

Na huduma za mtaa zililipiwa na nani? Hapa ndipo stori inakuwa chungu. Manispaa ilipiga marufuku pombe ya nyumbani, ile wanawake wa Pumwani na vijiji vya jirani walikuwa wanapika na kuuza. Ikajipa yenyewe haki ya kuuza pombe kwenye kilabu chake, kwa mtindo ulioigwa kutoka Durban. Faida iliingia kwenye mfuko wa kulipia mambo ya Waafrika mjini. Yaani mama alinyang'anywa biashara, mzee akauziwa pombe na serikali, na kile kibaki kikarudi mtaani kikiitwa msaada. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba kumbi za zamani zilikuwa zawadi ya mkoloni, mwambie zililipiwa, kikombe kwa kikombe.

Baada ya Vita vya Pili hofu ya serikali ilibadilika. Sasa kulikuwa na askari waliorudi kutoka Burma wakijua bunduki, na wafanyakazi waliojazana Nairobi bila nyumba. Mwaka wa 1945 manispaa ilimpa kazi ya mambo ya Waafrika afisa anaitwa Tom Askwith, jamaa ambaye alikuwa amepiga makasia kwenye Olimpiki mbili, ya 1932 na ya 1936. Askwith hakuwa mbaya kushinda wenzake. Mwaka wa 1946 alikuwa kati ya walioanzisha United Kenya Club, mahali ambapo watu wa rangi zote wangeweza kula meza moja, jambo ambalo wazungu wengi wa Nairobi waliliona kama wazimu. Baadaye alipinga mateso kwenye kambi za Mau Mau na hiyo ikamgharimu kazi. Lakini wazo lililotawala ofisi kama yake lilikuwa kwamba Mwafrika wa mjini akipewa ukumbi, mpira, ndondi, sinema na darasa la ushonaji, atatulia.

Kaloleni ni mtoto wa wazo hilo. Ilijengwa miaka ya 1940, na sehemu ya kazi ilifanywa na mateka wa vita wa Kiitaliano. Ukipita huko leo bado unaona mpango wenyewe: nyumba za mawe zisizo na ghorofa, zimepangwa kuzunguka nafasi wazi, na ukumbi uko katikati ya mtaa ambapo kila mtu anapita. Aliyechora alitaka watu wakutane. Aliyeidhinisha alitaka wakutane mahali ambapo anawaona.

Shida ya kuwapa watu chumba ni kwamba wataongea.

Machi 30, 1950, Nairobi ilipewa hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza. Sherehe ikaandaliwa. Muungano wa vyama vya wafanyakazi, ulioundwa Mei 1, 1949 chini ya Fred Kubai kama rais na Makhan Singh kama katibu, ukasema watu wake hawaendi. Jiji gani hilo, na wafanyakazi wanalala kwa zamu kitanda kimoja? Wiki chache baadaye, Aprili 23, 1950, kukawa na mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki. Mahali pa mkutano ni Kaloleni, kwenye ukumbi uleule wa manispaa.

Hapo ndipo Makhan Singh, kijana aliyezaliwa Punjab na kufika Nairobi 1927, alisimama na kutaka azimio liseme jambo ambalo wengi walikuwa wanalizungukazunguka: uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Hakusema baada ya miaka 20, wala viti viwili zaidi kwenye baraza la kutunga sheria. Ndani ya chumba kilichojengwa ili tutulie!

Serikali haikungoja sana. Mei 15, Kubai na Singh walikamatwa. Kesho yake, Mei 16, wafanyakazi wa Nairobi wakaweka vifaa chini, mgomo ukaenda zaidi ya wiki moja na ukasambaa nje ya jiji. Serikali ilileta magari ya deraya na mabomu ya machozi. Singh hakurudi nyumbani hadi Oktoba 1961. Hiyo ni miaka 11 na miezi, na sehemu yake aliishi Lokitaung, kule Turkana. Sisi tumeitia barabara majina ya watu waliokaa miaka michache kuliko hiyo.

Sasa angalia kitu ambacho mimi huona kinarukwa stori hii ikisimuliwa. Watu wa Kaloleni waliugeuza ukumbi kuwa wao kwa kuutumia, na hilo ndilo tunapenda kusherehekea. Lakini funguo hazikuwahi kuhama. Zilibaki kwa manispaa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, na KAU kupigwa marufuku mwaka uliofuata, hakukuwa na haja ya kubomoa chochote. Unakataa tu kibali. Aprili 24, 1954 askari wakaizingira Eastlands yote kwenye Operesheni Anvil, wakabeba maelfu kwa maelfu ya watu hadi kambini. Kuta za ukumbi zilibaki palepale.

Uhuru ukaja, na hapa najua wengine watanikasirikia, lakini kwa suala la funguo tulibadilisha sura ya mwenye nazo, basi. Ile sheria ya mkoloni ya kuomba leseni ya mkutano tuliiweka. Iliendelea kufanya kazi hadi 1997, ndio ikabadilishwa kuwa kutoa taarifa badala ya kuomba ruhusa. Fikiria hiyo miaka 34. Ndani yake ukumbi wa mtaa unaweza kuwa wa harusi, ndondi, matanga, kwaya na mkutano wa chama kimoja. Mambo mengine yote yanakutafutia kesi. Ndio maana Julai 7, 1990, watu waliotaka vyama vingi waliitana kwenye uwanja wa wazi, Kamukunji, dakika chache kwa miguu kutoka Kaloleni.

Upande wa pesa nao uliharibika. Mwaka wa 1983 baraza la jiji lilivunjwa na Nairobi ikaendeshwa na tume iliyoteuliwa kutoka juu hadi 1992, kwa hivyo kwa karibu miaka kumi hata diwani wa kumlilia hukuwa naye. Bomba likipasuka, linapasuka. Bati likitoboka, linatoboka. Kisha ikaja ile njaa ya ardhi ya umma ambayo Ripoti ya Ndung'u ya 2004 iliiandika ukurasa baada ya ukurasa, viwanja vya shule, vyoo vya umma, sehemu za michezo, vyote na majina ya watu. Kumbi za Eastlands kuwa bado zimesimama, manze, hiyo peke yake ni muujiza mdogo.

Kwa hivyo ukiona kijana anafagia ukumbi uliojaa vumbi leo, usifikiri anaanza kitu. Anarudi kwenye kitu.

Wacha nitoke nje kidogo, juu kuna mji mmoja mbali sana ambao ulishughulikia swali la karatasi kwa njia ambayo naipenda na pia inanitia wasiwasi.

Newcastle iko Australia, kaskazini ya Sydney. Mji wa makaa ya mawe na chuma. Desemba 28, 1989 ulipigwa na tetemeko la ardhi na watu 13 wakafa. Miaka kumi baadaye, 1999, kiwanda cha chuma cha BHP, kilichokuwa moyo wa mji, kikafungwa. Wanunuzi walikuwa wameshahamia kwenye maduka makubwa ya nje ya mji. Mwaka wa 2008 mtoto wa huko, Marcus Westbury, alitembea barabara kuu akihesabu majengo matupu. Alifika kama 150. Vioo vimepigwa mbao, na wakati huohuo kuna mafundi, wachoraji, washonaji na wasanii wakifanya kazi kwenye gereji za wazazi wao kwa kukosa nafasi.

Unaweza kufikiri suluhisho ni pesa. Westbury aligundua ni makaratasi. Mkataba wa kawaida wa kupanga duka ulikuwa mzito: miaka mingi, haki nyingi kwa mpangaji, gharama za mawakili. Mwenye nyumba alikuwa heri aache duka tupu kuliko kujifunga kwa kodi ya chini. Kwa hivyo yeye na wenzake wakaunda shirika, Renew Newcastle, lililoomba kitu kidogo zaidi: ruhusa tu ya kutumia, siku 30 baada ya siku 30. Mwenye nyumba akipata mpangaji wa pesa, anatoa notisi ya siku 30 na kikundi kinahama. Shirika linashughulikia bima na usafi, na vikundi vinaingia vikiwa chini ya mwavuli wake. GPT, kampuni kubwa iliyokuwa na maduka mengi kwenye ile barabara, ikakubali kuazima.

Ilifanya kazi. Zaidi ya miradi 100 ilipita humo, na Lonely Planet ikaiweka Newcastle kwenye orodha yake ya miji 10 ya kutembelea mwaka wa 2011. Mwaka wa 2019 shirika likajifunga. Katikati ya mji palikuwa pameshapanda bei, na nafasi za kuazima kwa urahisi zikawa adimu. Waliofufua barabara waliifufua hadi hawana tena mahali. Sitasema ni usaliti, kwa sababu waliandikiana hivyo tangu mwanzo na kila mtu alijua. Lakini ni bei, na tuitaje.

Kwetu hali ni kinyume kwa jambo moja. Duka tupu Nairobi halikai. Wahindi walipotoka kwenye maduka makubwa ya zamani ya River Road na Luthuli, yalikatwakatwa na kuwa stoli ndogo ambapo leo unanunua simu, viatu na mtumba kwenye nafasi ya kabati. Nakumatt ilipoanguka, supamaketi zingine ziliingia kabla hata rangi ya ndovu haijafutwa ukutani. Kile kinachobaki kitupu kwetu ni kile ambacho hakina mtu wa kukikodisha: ukumbi wa kaunti, maktaba, ofisi ya zamani ya diwani, vibanda vya soko lililojengwa mahali pabaya. Kwa hivyo ukiiga Newcastle kama ilivyo utakosea mlango. Wao walikuwa wanabishana na mwenye nyumba. Sisi mwenye nyumba ni sisi wenyewe, kupitia ofisi ambayo faili letu limepotea.

Na tukienda kwa vyumba vya watu binafsi, siku 30 tungezipenda! Mtaani kwetu kikundi chetu kiliwahi kupewa duka kwa mdomo. Ni kweli lilikuwa limekaa vibaya, choo chake kimegeuzwa stoo ya magunia. Tuliliosha, tukaweka rafu, watoto wakaanza kuja saa kumi kufanya homework, akina mama wakawa na chama yao Alhamisi. Miezi saba. Siku moja tunakuta kufuli mpya, na ndani ya wiki mbili kuna mashine za kubeti. Hakuna aliyetukosea kisheria, na hiyo ndiyo ilikuwa inaudhi zaidi. Mwenye duka alitusalimia vizuri tu, akasema kazi yetu ilikuwa safi sana. Ilikuwa safi hadi ikamletea mpangaji.

Tofauti ya hiyo na kile kilichofanywa kwenye maktaba ndiyo ningetaka vijana waangalie. McMillan, ile maktaba ya nguzo na simba karibu na Jamia, ilifunguliwa 1931, na kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kukaa ndani kusoma. Ina hata sheria yake maalum ya bunge, ya 1938. Ina matawi mawili Eastlands, moja Kaloleni na lingine Makadara, na yote matatu yalikuwa yamechoka. Mwaka wa 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk. Watu wengi wanakumbuka rangi, viti vipya na picha nzuri. Mimi nakumbuka kwamba kabla ya brashi walitafuta makubaliano na kaunti, yaliyoandikwa, na kwamba walianza na yale matawi ya Eastlands badala ya lile jengo la kifahari la katikati ya jiji. Kaloleni ikatangulia, Makadara ikafuata. Majengo yakabaki ya umma.

Najua jibu: wao walikuwa na majina, na wafadhili, na simu za watu wakubwa. Kweli. Kijana wa Korogocho akiingia ofisi ya kaunti kuomba makubaliano, askari wa geti ndiye atamsaini. Lakini hilo ni tatizo la mlango, na milango tunaweza kuidai. Tangu 2022 kuna sheria ya kusajili vikundi vya jamii, kwa hivyo kikundi kinaweza kuwa na jina ambalo linaweza kuandikiwa barua. Kaunti ingeweza kuwa na fomu moja ya kurasa mbili: jengo fulani, kikundi fulani, mwaka mmoja, funguo tatu, moja kwa kaunti, moja kwa kikundi, moja kwa wazee wa mtaa, na notisi ya siku 90. Nani analipa maji na nani anajibu dirisha likivunjika, iandikwe humo. Na orodha ya majengo yenyewe itundikwe ukutani kila wadi, ili tujue kuna nini kabla ya mjanja kujua.

Pia tukubali kwamba kujitolea bila karatasi kunamfaa mtu fulani. Dandora ni mfano ninaoupenda. Mtaa huo ulipangwa miaka ya 1970 kwa mradi wa Benki ya Dunia, karibu viwanja 6,000, na nyumba zilipangwa kuzunguka nyua za pamoja. Nyua zikawa majalala na maficho. Vijana wa huko, wengine chini ya Dandora Transformation League, walizisafisha, wakapanda nyasi, wakaweka geti, wakachangisha majirani pesa kidogo za ulinzi na usafi. Wale wanaolipia uwanja huulizana maswali. Wanajua nani analala na ufunguo wa geti na zamu ya kufagia ni ya nani. Huo mchango mdogo una nguvu kuliko kofia na fulana tunazopewa siku ya usafi na mheshimiwa anayepiga picha akiwa ameshika reki kichwa chini.

Haraka yangu inatoka wapi? Inatoka kwa sababu mitaa ya zamani ya kaunti iko kwenye mpango wa kubomolewa na kujengwa maghorofa. Pangani nyumba za zamani zimeshaenda. Orodha ya Eastlands ni ndefu, na sipingi nyumba, watu wanahitaji nyumba. Lakini soma mazungumzo yote kuhusu mitaa hii na utakuta idadi ya vyumba, bei ya chumba kimoja, maegesho ya magari. Ukumbi ukitajwa unaitwa "huduma za kijamii" na unawekwa kwenye mstari mmoja pamoja na transfoma. Kwenye ghorofa ya 14 hakuna ule ukumbi ulio katikati ambapo kila mtu anapita. Kuna chumba cha chini chenye meneja, na meneja ana bei kwa saa.

Katiba ya 2010 inawalazimu kutuita kabla ya kuamua. Matangazo ya vikao vya maoni hutoka kwenye gazeti na kubandikwa ofisi ya chifu, kwa kawaida siku ya kazi, saa tatu asubuhi, kusudi tusifike. Fika. Ukipewa maiki usiulize kama ukumbi utakuwepo, watasema ndiyo. Uliza utasajiliwa kwa jina la nani, utakuwa chini ya kamati gani, kikundi cha vijana kitalipa ngapi kukutana Jumamosi, na funguo zitakuwa ngapi. Kisha mwambie anayeandika kumbukumbu za kikao aandike swali lako na jina lako, na usiketi hadi umemwona akiandika.